Magharibi Ikikukuta Barabarani

Mwanangu Athumani,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua: unakoroma chumba cha pili, begi lako jipya limesimama mlangoni kama askari, na kesho unaondoka kwenda Saudia kuendesha lori la watu tusiowajua. Hali yangu mimi, ukitaka kujua, si nzuri. Nimelala nikaamka, nimelala nikaamka, mwisho nikaona heri niandike kuliko kuhesabu mabati ya paa.

Sitakuambia habari za dawa ya kikohozi, wala namna ya kufua kanzu, wala nani umwamini na nani umwogope. Hayo shangazi zako wamekujaza tangu Ijumaa, na nilikuona unaitikia huku macho yako yako kwenye simu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni mguu wako wa kulia.

Unacheka. Cheka, lakini soma.

Jumapili ulipoazima gari la jirani ukanipeleka Likoni kwa bibi yako kuaga, tulipita ile barabara mpya ya Dongo Kundu. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna mtu mbele wala nyuma. Ukabonyeza kile kidude cha usukani cha kushika mwendo, ambacho sisi madereva twakiita kruzi, gari likatulia kwenye themanini. Halafu ukauvuta mguu wako wa kulia, ukaukunja, ukaukalia, kama mtu aliyeketi mkekani anangoja sinia la pilau.

"Athumani!"

"Labeka, mama."

"Teremsha mguu huo."

"Mama nawe! Magari ya sasa yana akili. Hili likikaribia gari jingine lapunguza mwendo lenyewe. Mguu wafanya kazi gani?"

Uliuteremsha kwa adabu, ukangoja nigeukie dirishani, ukaukunja tena. Ulidhani sikuoni. Tangu saa ile chakula hakinipiti vizuri.

Umekua ukijua kwamba mjomba wako Hamisi alikufa kwa ajali njia ya Nairobi, na kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni mimi. Hilo sikukuficha, wala hapa Mishomoroni hakuna asiyelijua. Lakini hujapata kunisikia nikilisimulia tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila nikianza watu hunifunga mdomo kwa huruma. Bibi yako ndiye wa kwanza. "Ahadi yake ilifika, mwanangu, usijitese." Nami naiamini kadari, wallahi naiamini. Lakini kadari haina miguu ya kukunja. Mguu niliukunja mimi.

Basi ngoja nianze mbali kidogo, ili unielewe.

Nilipoachana na babako ulikuwa ungali wanyonya. Nikapata kazi ambayo ndugu zangu wote waliiona wazimu: kupeleka magari. Yalikuwa yakiteremshwa melini, yakihifadhiwa kwenye yadi za kule Changamwe na Chaani, na sisi madereva tukiyaendesha kwa msafara mpaka mpakani Malaba, wenyewe wa Uganda na kwingineko wakayapokee. Wanawake tulikuwa wawili. Mwenzangu akaolewa, nikabaki peke yangu kati ya wanaume walioniita "Bibi Harusi" kila nikiingia yadini na buibui langu. Nami nikawaambia harusi yenyewe haina bwana mle ndani, nimetazama wote.

Magari yale yalikuwa na vituko. Ukiliwasha moja, sauti ya mwanamke wa Kijapani yakusalimia, nasi tukiitikia "marahaba" tukacheka. Maandishi ya ndani hakuna aliyeweza kuyasoma. Kruzi hatukufundishwa na mtu. Mmoja alibonyeza akaona gari linakwenda bila kukanyaga mafuta, akamwambia mwenziwe, na mwenziwe akatwambia sote. Tulijua namna ya kuiwasha. Namna ya kuishi nayo kila mtu alijifunza kwa hasara yake.

Mimi hasara yangu ya kwanza ilikuwa nyanya. Nilikuwa kwenye mia moja, barabara tupu, nikafika Samburu siku ya soko. Nikakanyaga breki, kruzi ikajizima, nikapita taratibu katikati ya watu. Nikaona kama kumefunguka mbele, nami nina haraka ya kuufuata msafara, nikabonyeza kile kitufe cha kurudisha mwendo. Athumani, lile gari liliruka! Lilikuwa linakumbuka mia moja, likaitaka mia moja yake pale pale, kati ya akina mama na vikapu. Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Hakuumia mtu, lakini fungu la nyanya lilikwisha chini ya gurudumu, na mwenye nyanya alinitukana kwa Kiduruma matusi ambayo, kwa kuwa Kidigo chetu ni jirani yake, niliyaelewa yote. Tangu siku hiyo nikajua kwamba gari hukumbuka mwendo, halikumbuki mahali. Ukishapunguza, panda kwa mguu wako mwenyewe kwanza, tazama ulipo, halafu ndipo uiweke upya.

Ya pili sikuifanya mimi, niliitazama. Ilikuwa masika, maji yametanda barabarani baada ya Mariakani. Mwenzetu mmoja mbele yangu aliiacha kruzi kwenye mvua. Magurudumu yakateleza juu ya maji, naye asijue, kwa kuwa mguu wake haukuwa mahali pa kuhisi kitu. Gari likageuka likatazama nilikotoka, likaingia mtaroni. Alitoka mzima, akaniambia, "Bibi Harusi, sikulisikia gari. Nilikuwa kama abiria." Neno hilo lilistahili kuniponya. Nililisikia, nikamhurumia, nikaendelea na safari.

Sikukatazi kruzi. Ningekuwa mnafiki. Njia ndefu iliyonyooka, kavu, mchana, nawe umelala usingizi wa kutosha, iweke. Itakupumzishia goti, mafuta yatakwenda vizuri, na huko kwenye kamera kila kona itakuzuia kupitisha mwendo bila kujua. Iweke chini kidogo ya mwendo unaoutamani. Mlimani na mtelemko mkali izime, hasa ukiwa na mzigo. Upepo ukileta mchanga barabarani, izime kama ungeizima kwa mvua. Na ukianza kupiga miayo, izime kabla ya kutafuta chai, maana mguu usio na kazi ndio wa kwanza kulala, na macho huufuata. Mguu wako ukae umeelea mbele ya breki, tayari. Uchoke, ndiyo. Uchoke hivyo hivyo.

Hayo yote niliyajua kabla ya Ramadhani ile ya ajali. Ndilo linaloniuma. Watu hudhani makosa huja kwa kutojua.

Mjomba wako Hamisi alikuwa amepata kibarua cha uashi Voi, na nauli ni nauli. Tulikatazwa kubeba abiria, na sote tulibeba. Akanisubiri pale njia panda na kikapu chake, amevaa shati alilokuwa akilivaa kuendea harusini. Nikamuuliza kama anakwenda kujenga au kuposa. Akasema mwashi mgeni hupimwa kwanza kwa shati.

Unamkumbuka? Ulikuwa mdogo, lakini nadhani wakumbuka baiskeli, maana ndiye aliyekufundisha, akikukimbilia nyuma mpaka jasho limtoke, na wewe ukimkaripia asikuache. Kwetu sisi Wadigo mtoto ni wa mjomba. Yeye ndiye angekulipia mahari, yeye ndiye angekushika kichwa kesho kabla hujaondoka akakuombea. Babako hakuwapo, na hukupata kuona pengo, kwa sababu Hamisi alikuwa amelikalia lote.

Tulikuwa tumefunga, yeye na mimi. Msafiri ana ruhusa ya kula, na mtu wa usukani ni zaidi. Hamisi alinikumbusha tulipopita Mazeras. Nikamwambia hao wanaume wa msafara wanangoja tu waseme mwanamke ameshindwa. Wengi wao walikuwa watu wa bara, hata habari ya swaumu yangu hawakuwa nayo. Nilifunga kwa Mungu, ndiyo, lakini kuna fungu nililifunga kwa kiburi, na fungu hilo sidhani kama liliandikwa mahali.

Tulipita Taru, tukapita Makinoni. Mimi nilikuwa mkia wa msafara, wengine wote mbele. Kabla ya Maungu jua likazama usoni kwetu, maana njia ile huelekea magharibi. Redioni adhana ikaanza. Hamisi akafungua kikapu. Mkewe, wifi yangu wa Likoni, alikuwa ametufungia tende, kaimati kwenye bakuli, na chupa ya uji wa pilipili manga.

"Dada, magharibi imeingia. Simama tufuturu."

"Nikisimama msafara utaniacha. Tutasimama Voi."

"Voi mbali. Uji huu hunyweki gari likitembea."

"Wewe nipe tende, Hamisi, uache maneno. Gari lajiendesha lenyewe, hulioni?"

Nikaiweka kruzi mbele ya macho yake, nikauvuta mguu wangu, nikaukunja juu ya kiti. Nikamwonyesha, kama mtoto anayeonyesha jino jipya. Mikono miwili nikaitoa kwenye usukani, nikaipiga makofi. Alicheka, akasema, "Gari lako hili lina jini." Alikuwa na hofu kidogo, niliiona, na ile hofu yake ikanifurahisha.

Akachukua tende, akaipasua, akatoa kokwa. Mimi nikanyosha mkono. Akasema, "Haya, wewe kwanza, dereva." Nikaitia kinywani. Yeye akainama kutafuta yake.

Barabarani kulikuwa na matawi. Wajua maana ya matawi kwenye njia ile: mbele kuna lori limekufa. Mtu wa watu alikuwa amekata majani akayapanga mbali ya kutosha kabisa, kama inavyopasa. Niliyaona. Nataka ulishike hilo, mwanangu, niliyaona mapema. Mwanga wa jua ulikuwa bado machoni, lakini niliyaona, na nikajua ni nini. Nikautuma mguu kwenye breki na mguu haukuwapo. Ulikuwa chini yangu, umefungwa na buibui, na umekufa ganzi. Na lile gari, Athumani, halikusita hata kidogo. Lilipita juu ya matawi kwa mwendo ule ule nilioliwekea. Lilikuwa linanitii.

Nikavuta usukani kulia. Upande wangu ukapona. Upande wa kushoto ukaingia chini ya lori.

Sitaandika nilichokiona. Nitaandika hiki tu: watu walipokuja kunitoa, tende ilikuwa bado kinywani, sijaimeza, tamu.

Kiongozi wa msafara alirudi aliposikia. Mtu mzima wa bara, mkali, ambaye nilikuwa nikimwogopa kuliko nilivyopaswa. Alivua koti lake akamfunika Hamisi, akakaa chini kando yangu, akaniuliza, "Kwa nini haukuwasha taa mara mbili tu, mama? Tungengoja. Wote tungengoja. Hata mimi nilikuwa nataka kupumzika." Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anashangaa kweli. Na jibu lenyewe ni kwamba sikutaka kuomba.

Matanga yalikuwa makubwa. Watu walivuka feri kutoka kila upande. Kila aliyenishika mkono aliniambia neno moja: amekufa na swaumu yake, mwezi mtukufu, safarini, pepo yake iko wazi. Bibi yako alilishika neno hilo akalifanya tandiko la kulalia, na sitalivuta chini yake kamwe, nawe usilivute. Huenda ni kweli. Namwomba Mungu liwe kweli kila nikisujudu. Lakini mimi dadake najua na jambo jingine, ambalo halisemwi matangani. Ndugu yangu alikufa na njaa. Kutwa nzima hakula, saa ya kula ikafika, chakula kikawa mapajani mwake, na tende ya kwanza akanipa mimi.

Sijashika usukani tena. Nimekuwa mtu wa mahamri na mbaazi, wewe umekula matunda yake, hatukulala njaa. Ulipoanza kupenda magari sikukuzuia, nikidhani nikinyamaza mapenzi yatapita. Kisha ukapata leseni ya malori, ukaja nayo ukicheka, nikakupikia biriani, nikaenda msalani nikalia. Ilinipasa nikuambie siku ile. Nilijiambia nitakuambia ukikua, halafu ukakua.

Na sasa wasema magari ya sasa yana akili. Huenda. Sibishani na wewe, mimi ni wa zamani. Lakini akili hiyo iliyotiwa mle ndani huliona gari, sijui kama huliona tawi. Sijui kama humwona ngamia. Hata ikiviona vyote, haijui kwamba una mama. Wewe ndiye unayejua.

Ramadhani haiko mbali. Itakukuta huko, kwenye zile barabara zilizonyooka kama uzi, una mzigo, una saa ya kufika, una tajiri anayepiga simu, na tende ziko kwenye kiti cha pembeni. Kruzi itakuwa imewekwa na mikono yako haina kazi. Utajiambia, ni tende moja tu, ni dakika moja. Nakujua. Umekunja mguu mbele ya macho yangu Jumapili, nikiwa nimekukataza.

Kukukataza, basi, nimeona hakufai. Tufanye hivi. Siku ukiwa njiani na magharibi ikaingia, toka barabarani kabisa, zima injini, teremka, ukanyage ardhi kwa miguu yote miwili, ule. Tajiri akifoka mwache afoke, kinywa ni chake. Ukishakula, niandikie neno moja kwenye simu: nimesimama. Nimeuliza, nimeambiwa magharibi ya huko kwa kawaida hutangulia ya kwetu kidogo, kwa hiyo neno lako litanikuta bado nina swaumu yangu, bakuli liko mbele yangu.

Nami sitatia kitu kinywani mpaka lije. Adhana ya Mishomoroni itaadhiniwa, majirani watakula, Isha itaingia, nitakuwa nimekaa. Najua kuharakisha futari ndiyo sunna, na bibi yako akisikia atanitolea maneno. Najua pia kwamba si haki kumfanyia hivi kijana aliyekwenda kutafuta riziki. Lakini mama asiye na fimbo ya kufika Saudia, hutumia njaa yake.

Kesho hayupo mjomba wa kukushika kichwa. Nitakushika mimi, mkono wangu unuke mahamri, usinung'unike.

Simama, mwanangu, ili nami nile.

Mamako,
Mwanakombo